Nyuma Kwanza

Siku Mpima alipokufa, kijumba chao kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko siku zote. Makomeo yote sita yamebana, turubai limekunjwa ndani bila hata ncha moja kuchungulia. Daktari wa zamu alitoka nje kuliangalia gari lililomleta marehemu, akalizunguka, akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Kisha akamwambia mjane, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi, kwamba wangewahi robo saa tu, pengine angepona.

Kijumba kilikuwa sanduku la bati na mbao lililokaa mgongoni mwa pikapu, na ndani mna kitanda, jiko la gesi na kabati mbili. Paa lake liliinuliwa kwa mikono, na chini yake zikasimama kuta za turubai, ili mtu aweze kunyoosha shingo. Mpima, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikula ujana wake wote akipima ardhi, alikiunda alipostaafu. Turubai alilishona mkewe, fundi cherehani, akavunja sindano kumi na moja. Kwa miaka tisa walikipeleka kule ambako barabara huisha na magari ya wenzao hugeuza.

Kukitunza kulikuwa kazi ya watu wawili na hasira za mmoja. Wakirudi safari, paa liliinuliwa uani siku mbili, turubai likapigwa upepo na kusuguliwa kwa maji ya siki lisiote kuvu. Zipu zikapakwa nta ya mshumaa. Bolti zikakazwa moja moja, maana makorongo hulegeza hata meno. Kufunga paa nako kulikuwa na sheria: nyuma kwanza, mbele baadaye. Ukianza na mbele, turubai linabanwa na kuchanika. Mkewe aliwahi kukosea mara moja. Mpima alimrudisha afunge na kufungua mara ishirini, jua la utosini, yeye amekaa kwenye kiti cha kukunja na saa mkononi.

"Dakika tisa! Mama, hata kobe angekuwa ameshafika kwake na kuoga."

"Basi kaoe kobe."

"Rudia."

Na kuendesha gari paa likiwa juu? Hilo halikutajwa hata kwa utani.

Asubuhi ile, mwendo wa saa mbili kutoka barabara ya lami, Mpima alikuwa akichemsha maji ya chai. Akakaa chini ghafla, mkono kifuani, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa. Mkewe alimkokota hadi kiti cha mbele, akakimbilia paa. Alivuta upande uliokuwa karibu, wa mbele, akabana komeo la kwanza, la pili. Ndipo ikatoka sauti dirishani, nyembamba, lakini ile ile ya kila siku.

"Nyuma kwanza."

"Mpima, niache!"

"Nyuma kwanza, Mama."

Akafungua. Akaliinua paa lote, akaanza upya. Mikono ilimtii mumewe kabla yeye mwenyewe hajaamua. Aliposhika usukani, Mpima alimuuliza kama makomeo ni sita. Akamjibu ni sita. Hakuuliza tena kitu kingine, na walipofika kwenye lami kichwa chake kilikuwa kimeulalia mkanda wa kiti.

Siku ya nne baada ya mazishi, wifi yake na shemeji yake waliitisha kikao sebuleni. Mjane alikuwa na ombi moja: aachiwe pikapu pamoja na kijumba. Kitanda cha chumbani kilimshinda. Tangu kuzika alikuwa akilala ndani ya kijumba, na huko tu ndiko usingizi ulimjia.

"Wifi, hebu tueleze," alisema dada wa marehemu. "Ulimweka garini, halafu?"

"Nikafunga paa."

"Mara ngapi?"

Alikumbuka kwamba mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, akilia mlangoni pa mochwari. "Mara mbili."

"Ndugu yangu anakata roho, wewe unakunja vitambaa! Si ungeliacha lipasuke?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nirudie. Alisema nyuma kwanza."

"Hee! Sasa unamsingizia maiti?"

"Shemeji, wewe ulikua naye," mjane alisema. "Mwambie alivyokuwa."

Shemeji alimjua kaka yake. Utotoni kaka huyo alikuwa akimtandika rula kwa kuacha viatu vimelala upande. Alimtazama mjane, na mjane akaona wazi kwamba ameamini kila neno. Lakini shemeji alikuwa anajenga, na mawe hayajibebi. Akalitazama zulia.

"Kaka hakuwa mwendawazimu," alisema. "Gari litakuja kwangu. Hilo sanduku baki nalo."

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kulishusha. Shemeji aligonga gonga pembeni kwa nyundo, akaumia kidole, akatukana. Mwishowe wakamwita mwenye kujua. Mjane alikuja na sanduku la vifaa, bila kumtazama mtu. Akasimamisha jeki nne kwenye pembe, akafungua bolti nane, akachomoa waya wa taa na kuuviringa vizuri. Kijumba kikanyanyuka kidogo kidogo mpaka pikapu ikatoka chini yake, tupu na fupi.

Wifi alikuwa amesimama kwenye ngazi, simu mkononi.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Kumbe ukitaka unaweza haraka."

Shemeji alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mjane aliokota spana yake ya mwisho, akaifuta kwa kitambaa.

Sasa pikapu inabeba mawe. Kijumba kimesimama uani juu ya jeki zake nne, mlango umefungwa, na ufunguo wake umo kwenye pete moja na funguo za gari, mfukoni mwa shemeji. Mjane analala sebuleni, kwenye kiti.