Mafuta ya Cherehani

Nilimwambia baba, "Usiguse kompyuta ya kaka." Nilimwambia mbele ya mama mdogo, nikarudia tena akiwa anakula. Lakini baba ni fundi cherehani tangu ujana wake, na kwake yeye chochote kinachozunguka kikianza kupiga kelele, dawa yake ni mafuta. Ameshapaka bawaba za milango, baiskeli ya jirani, hata saa ya ukutani, nayo ikafa papo hapo. Basi feni ya kompyuta ilipoanza kukoroma, akafungua ubavu wa kasha, akaimiminia mafuta ya cherehani. Kelele zikaisha. Mzee akatamba nyumba nzima!

Na kompyuta ile haikuwa ya mchezo. Kaka yangu hana sauti wala nguvu za mkono tangu mshipa ulipompasuka kichwani. Kamera ndogo juu ya kioo cha kompyuta hufuata macho yake. Anatazama herufi mojamoja, kompyuta inasoma kwa sauti. Ndiyo mdomo wake. Kwa mdomo huo alikuwa akinitania kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, nami namjibu anywe anyamaze.

Sasa ikawa inawaka, anaandika maneno mawili matatu, inazima. Tukamleta fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Taratibu kwa mwendo wake. Akafungua, akachungulia, akaguna. Feni ilikuwa imerusha mafuta kila upande, yakanasa vumbi, chuma cha kupozea kimeziba kote.

"Nani kaweka mafuta humu?"

Baba akatazama dari. Mimi nikamtazama baba, Mungu anisamehe, kwa jicho ambalo mtoto hamtazami nalo mzazi.

Fundi akasugua kile chuma, akafunga feni mpya, akafuta mafuta yaliyochuruzika hadi chini, akapaka upya ile krimu ya kijivu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Tukawasha. Namba ya joto ikawa inapanda kwenye kioo. Ikapanda, ikapitiliza. Ikazima.

"Prosesa yenyewe imeungua," akasema. "Imechemka muda mrefu mno."

"Si uweke nyingine?"

"Dada, za aina hii niliwahi kuzitafuta kwa mafundi wote, hakuna. Na hii programu ya macho haikubali mashine nyingine bila idhini ya kampuni iliyoitengeneza. Kampuni yenyewe ilishafungwa."

Nikamfokea maskini wa watu, utadhani yeye ndiye aliyemwaga mafuta. Alikusanya bisibisi zake akaondoka.

Baba akavuta kigoda hadi kitandani kwa kaka. "Iwashe mara moja tu," akaniomba. "Nina neno naye."

Nikaiwasha.

"Mwanangu, ni mimi niliyeiharibu. Nilidhani nakusaidia. Umenisamehe?"

Macho ya kaka yakaanza kutembea juu ya herufi. "Baba," ikasema ile sauti. Kisha, "Mimi." Ikazima. Tukangoja ipoe. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaipiga kofi. Haikuwaka.

Hasira zote zikaniisha, nikabaki kumwonea huruma tu yule mzee. "Muulize hivyohivyo, baba," nikasema. "Kama tulivyofanya hospitalini. Akifumba macho, ni ndiyo."

Baba akamsogelea mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Umenisamehe? Fumba macho, mwanangu."

Kaka hakufumba. Alikuwa anatazama kile kioo cheusi, pale ambapo herufi hukaa, na macho yake yalikwenda kushoto, yakasimama, yakashuka, yakasimama, yakarudi kulia. Alikuwa anaandika. Nilijaribu kuyafuata, nikapotea tangu herufi ya kwanza, naye hakuacha.

Baba akanigeukia. "Anasema nini?"

"Sijui, baba."