Nondo za Pembe ya Warda

Mume wangu Boga ana nyumba ya vyumba vinane na analala sebuleni. Nianzie hapo, maana watu wa Msambweni wakipita barabarani huitazama ile ghorofa wakasema, "Mashaallah, watu wa Uingereza wamejenga," na hakuna hata mmoja anayejua kwamba wenyewe tunalala kwenye kitanda kidogo kati ya kabati la vyombo na televisheni. Magoti ya bwana hayapandi ngazi. Nyonga yangu nayo haitaki hata kuzisikia.

Ngazi zenyewe zilijengwa kwa simu. Sisi tulikuwa Leeds, mimi muuguzi wa wazee miaka ishirini na tisa, yeye dereva wa basi. Fundi wa wakati huo akituma picha, Boga anaikuza kwa vidole viwili, anasema, "Safi sana, endelea." Picha itakwambia nini kuhusu kidato? Tulivyorudi ndipo tukaona kimoja kinakufika kisiginoni na cha pili kinakufika nusu ya muundi. Nikamuuliza, "Baba Warda, hizi ngazi ni za watu au za mbuzi?" Akaninunia siku mbili.

Na huko juu kabisa, kwenye paa la zege, kaacha nondo. Vyuma vya nguzo vimetokeza urefu wa mkono mzima, vinangoja ghorofa nyingine. Ghorofa ya kwanza ni ya watoto wetu, Warda, Ramadhani na Mwero. Ya pili, isiyokuwapo, ni ya wajukuu. Kila mlango umeandikwa jina, kila ufunguo una kibao chake, na huu ni mwaka wa tano hakuna aliyelala humo ila vumbi. Kila Alhamisi napanda kwa ubavu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika ufagio, nikafagie vyumba vya watu walioko ng'ambo. Nikimwambia nimechoka, ananijibu, "Pumzika kidogo, kisha umalizie."

Jamani!

Masika ya mwaka huu mvua ikafuata zile nondo zilizoota kutu, ikashuka ndani ya nguzo, likatokea chumbani kwa Warda doa la rangi ya chai. Nikamwita fundi Nzai, kijana wa Kinango, mtu mkweli. Akapanda, akashuka, akafuta mikono.

"Mama, hizi nondo ama mjenge juu yake, ama nizikate nizibe. Zikikaa hivi zinaila nyumba."

"Tutajenga," akasema Boga kutoka kwenye kiti chake.

"Nani atakaa?" nikauliza.

Akaivuta redio, akaanza kuifungua nyuma kama kwamba imeharibika. Ndiyo tabia yake akitaka kuwa kiziwi.

Mimi nilikuwa na shauri langu, na sikulificha. Kule Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa, mwanamke niliyesoma naye chuoni, Mwanatumu, ana nyumba ya kupangisha. Vyumba viwili, vyote chini, bafu halina kizingiti, unatoka nje uko dukani. Na hii ghorofa yetu wauguzi wa hospitali wamekuja kuiulizia mara mbili, ila walivyoliona lile doa wakasema tulitengeneze kwanza. Yaani kazi ilikuwa moja tu: kata nondo, ziba, tuwapangishe wao, tupange sisi kule Ukunda. Mwanatumu akaniambia, "Dada, nitakuwekea mpaka mwisho wa Agosti. Zaidi ya hapo utaniponza."

Nikamkalisha Boga chini. Nikamwambia, "Sikiliza. Mimi nina miaka sitini na minane. Nimewauguza wazee waliovunjika nyonga, najua wanavyoingia wodini na najua wanavyotoka. Siku nitakapoteleza na ule ufagio, wewe utanisikia naanguka, na utabaki papo hapo chini, maana kupanda huwezi. Unataka hivyo?"

"Na watoto wakija walale wapi?"

"Wakija lini?"

Akainama kwenye redio.

Basi kudura ya Mungu, wiki ile ile Warda akapiga simu: anakuja Agosti, yeye na mumewe na watoto wawili. Loo! Boga alisimama bila mkongojo. "Unaona? Unaona, Mama Warda? Na wewe ulitaka tuhamie kibandani!" Akaagiza rangi, magodoro, vyandarua. Nzai akapaka juu ya doa, huku ananitazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu yeye na mimi tulijua doa halisikii rangi. Na kama haitoshi, siku moja natoka bafuni namkuta bwana ameshika simu yangu, anazungumza na Mwanatumu. "Ahsante sana, hatuhami. Mpe mtu mwingine." Wallahi nilitamani kumvika lile kawa la wali kichwani. Nyumba yangu ya vyumba viwili, nimeingoja miaka mitano, anaitupa kama ganda la ndizi! Sikumsemesha mpaka siku ya wageni.

Siku hiyo alivaa kanzu tangu asubuhi, akakaa barazani. Mimi nimekwisha kupanda na kushuka mara nne na mashuka, nyonga inaniwaka moto. Saa nane simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Tumefika salama. Tuko Diani."

"Marahaba, mwanangu. Diani mmepitia nini?"

"Tumechukua nyumba huku, mama. Watoto wanataka kuogelea, na mume wangu ana kazi za mtandao. Jumapili tutakuja kula kwenu, inshallah."

Nikatoka barazani. Boga alinitazama usoni, akajua lipo jambo.

"Wamekwama?"

"Hawakukwama. Watalala Diani."

"Leo tu?"

"Wiki zote mbili."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali, niliyaweka akiba tangu mwaka juzi. Nikayameza. Alikuwa ameketi na ile kanzu, kaipiga pasi mwenyewe.

Jumapili wakaja. Nilipika pilau na kuku wa kupaka, wakala vizuri, siwezi kuwasema. Wajukuu wakapanda juu mbio, vile vidato vya mbuzi kwao ni mchezo. Waliposhuka, yule mdogo wa miaka saba akaenda kumshika babu yake goti, akauliza kwa Kiingereza chake cha Leeds, "Babu, huko juu wanakaa nani?"

Boga alizitazama ngazi. Kisha akasema, "Wageni."

Moyo ulinikatika. Mtu huyu ameniudhi miaka mitano na sijapata kumwonea huruma kama wakati ule.

Warda naye alikuwa amepanda. Alishuka polepole, macho mekundu. "Baba, umeandika jina langu mlangoni. Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Nilikuuliza," akasema Boga. "Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulisema tukijenga utarudi."

"Baba, nilikuwa na miaka kumi na tisa!"

"Ndivyo nilivyosema."

Nikaleta chai, maana kulikuwa hakuna la kufanya ila kuleta chai. Walipoondoka, baada ya alasiri, Warda alinikumbatia muda mrefu, akasema watakuja tena Jumapili ya pili. Na kweli walikuja. Halafu wakapanda ndege, wakarudi kwao.

Kesho yake Boga aliswali, akanywa uji, redio hakuigusa. "Mpigie Mwanatumu," akasema.

"Si ulimwambia ampe mtu mwingine?"

"Wewe mpigie tu."

Nikapiga. Mwanatumu akacheka. "Nilijua, dada. Waume zetu hawa nawafahamu. Sijampa mtu." Nikaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi jikoni nikalia kwa hasira. Miaka mitano napiga kelele, na leo nimepata ninachokitaka, na hakina ladha. Nilitaka ashindwe na mimi. Sikutaka ashindwe na mtoto.

Jumatano Nzai alikuja na msumeno wa umeme. Boga alitoa kiti chake uani, akakaa akiangalia juu, jua limempiga usoni, hataki kusogea kivulini. Mashine ikalia. Cheche zikaruka, chuma kikadondoka kwenye zege, kisha kingine. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko naweka sufuria kwenye maboksi, na kila kikidondoka namwona mume wangu anashtuka bega. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nzai hakupumzika, anafanya kazi kama nilivyomwagiza, haraka, kabla bwana hajabadili nia.

Mara Boga akainua mkongojo.

"Nzai! We, Nzai!"

Mashine ikanyamaza.

"Hizo nne za pembe ya Warda, ziache."

Nzai akachungulia chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mama?"

Ebo! Nilikuwa nayo maneno yote mdomoni. Kwamba ndizo hizo hizo zilizoleta lile doa. Kwamba wauguzi wanahamia Ijumaa. Kwamba mtoto amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akatuonyesha anapolala, na mzee bado anaacha vyuma. Niliweka sufuria chini, nikashika kiuno, nikatoka uani nimejiandaa kumpasha. Boga hakugeuka. Alikuwa bado ameinua ule mkongojo, na hakuushusha.

"Ziache," nikamwambia Nzai. "Lakini uzivishe zege vizuri, mvua isiingie chumbani kwake."