Kongo Gani?

Lazarus alikuwa mtu wa mguu. Kazi zilimtupa huku na kule, miwa Muhoroni, reli Nakuru, kupaka nyumba rangi Mombasa, mpaka uzee ukamkuta kwa dada yake Filister, Gatwekera, Kibera. Hata akiketi, goti lake la kulia lilitingika chai ikamwagika. Mke alimwacha, shamba la baba likaenda na wengine, na hayo aliyasimulia akicheka. Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa moja tu: Aketch Nyuzi.

Aketch alikuwa mpiga gitaa wa benga. Lazarus alizibeba santuri zake tangu ujanani, zikavunjika moja moja njiani. Lakini kumwona Aketch mwenyewe akipiga, hakuwahi. Kisumu alifika asubuhi, bendi imeondoka usiku. Nakuru alipitiwa na usingizi baada ya zamu, akaamshwa na watu wanaorudi makwao wakipiga mluzi. Mombasa alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi, akaona tangazo limebandikwa ukutani huko chini. Nitalisoma nikishuka, akajisemea. Aliposhuka akakuta ni la jana.

Jumapili moja, mwaka wa tisini na nane, Filister alirudi kutoka kanisani na habari mdomoni.

"Owadwa, ndugu yangu, umesikia? Aketch ameokoka! Jumapili ijayo anabatizwa, na gitaa anaacha kabisa. Leo ndiyo mwisho."

"Leo wapi?"

"Anapiga Kongo. Ndivyo akina mama wa kwaya wanasema."

Lazarus akakaa juu ya ndoo. "Kongo? Kuna vita huko! Sasa mtu anaenda kuaga muziki katikati ya risasi?"

"Mimi nitajuaje? Nimeambiwa Kongo." Safari za Filister zilikuwa soko la Toi na kanisani, basi. Akawasha jiko, akaweka sufuria ya omena.

Lazarus hakula. Ilimwingia kwamba huku si kukosa kwa kawaida. Yale ya Kisumu na Nakuru yalikuwa na kesho yake. Hili halina. Akaingiza miguu kwenye pata-pata, akatoka bila kuaga, akazunguka vichochoro mpaka jua likapita utosi, hadi akajikuta Mashimoni, kwenye kioski cha maji cha Shivachi.

"Niaje mzee, mbona sura kama umelamba ndimu?"

Lazarus akamweleza yote. Shivachi alicheka mpaka mtungi aliokuwa akiujaza ukafurika, na mama mwenye mtungi akaanza kumtukana.

"Mzee wangu, Kongo gani? Kongo ya Kawangware! Hapo tu Naivasha Road! Dada yangu Mideva anakaa huko. Asubuhi nimepita kwa baa ya Waithira nikaona wanapanga viti. Wanaanza saa nane."

"Na saa hizi?"

"Inakaribia kumi."

Hakusikia lingine. Alipanda hadi Olympic, akavuka Ngong Road akipigiwa honi, na alipofika Dagoretti Corner kamba ya pata-pata moja ikakatika. Hakusimama. Akaibeba mkononi, akachechemea na Naivasha Road, mguu mmoja ndani ya mpira, mwingine ndani ya vumbi. Muziki ulimfikia kabla hajaiona baa, akaongeza mwendo: Aketch akinyamaza sasa, je?

"Buda, kumejaa," kijana wa mlangoni akamwambia.

"Mimi nimemfuata huyu mtu tangu babako hajaoa. Utanizuia wewe?"

Kijana akatazama ule mguu mtupu, akacheka, akasogea.

Ndani, vichwa vilimziba. Kila gitaa liliponoga, mtu alikata wimbo kwa pakruok. Ndiyo desturi ya benga: unainua mkono, bendi inanyamaza papo hapo, nawe unajisifu, wewe na kwenu na kipenzi chako, ndipo wimbo urudi. Fundi mmoja wa mawe alijisifu mara tatu, mara ya tatu akimsifu mama mkwe.

"Mkwe tena!" Lazarus alinong'ona kwa hasira. "Si ungemsifia nyumbani?"

Kisha ikaja sauti aliyoijua kama kikohozi chake mwenyewe. "Huu ndio wa mwisho. Pasta ananingoja nje, na mnajua pasta hanywi."

Gitaa likaanza, dogo dogo, kama mvua inayopima mabati. Lazarus alisikia lakini hakuona. Mbele yake palikuwa na mgongo mpana kama mlango. Akajinyoosha kwa vidole, akainua mkono ili amguse yule mtu bega apishe. Ulikuwa mkono wenye pata-pata.

Mpiga ngoma akauona. Pah! Muziki ukakatika.

Ukumbi mzima ukageuka. "Sema, mzee wetu, jaduong'! Jisifu!"

Akasimama pale, kiatu juu. Pakruok aliyoitunga ujanani, ya treni na miwa na simba wa Muhoroni, ilimpotea kichwani yote.

"Sikutaka kusema," akasema. "Nilitaka kuona."

Wakaangua kicheko. Lakini desturi ni desturi: aliyesimamisha wimbo hana budi aseme.

"Mimi ni Lazarus. Mimi ndiye niliyekukosa Kisumu. Nakuru nikakukosa. Mombasa nikakukosa nikiwa juu ya ngazi. Na leo nusura nikukose, maana niliambiwa umeenda Kongo."

"Si ndiyo hii Kongo!" mtu akapaaza sauti, na meza zikapigwa makofi.

Aketch naye alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Watu mpisheni huyo apite. Jaduong', kaa hapa miguuni pangu, usije ukanikosa hata ukiwa ndani."

Ndipo akaona. Aketch alikuwa mzee mwembamba, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekauka, kimekunjwa, hakigusi waya hata mara moja. Ile milio yote ya miaka yote ilitoka kwa vidole vitatu, gumba likishika tu shingo ya gitaa. Santuri hazikumwambia hilo. Lazarus akavitazama bila kupepesa, na wimbo ukaisha, na Aketch akalifunga gitaa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nje, watu walitawanyika wakibishana.

"Huu wa mwisho alikuwa amechoka," fundi wa mawe akamwambia. "Ungekuwepo saa nane, mzee! Ule wa kwanza, wacha tu."

Ikamchoma papo hapo, mahali pale pale pa zamani.

Filister alimkuta ameketi kitandani, goti likitingika.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kongo yenyewe ni hapa tu Kawangware."

"Basi sasa utatulia."

Lazarus akaitazama begi yake iliyoning'inia msumarini. "Yule mpiga besi wa bendi yake hajaokoka. Nasikia mwezi ujao anapiga Busia, kule mpakani."

"Kabla hujabeba begi," Filister akasema, akimsogezea omena zilizopoa, "uliza kwanza Busia gani."