Silinda Nane za Nzabonimpa

Emérita alikuwa fundi wa pikipiki pale Nyabiondo, na sifa zake zilikuwa zimefika mpaka Walikale. Jumamosi moja asubuhi akajiwa na Papa Ladislas, mfugaji mzee anayeuza maziwa. Hakuja na pikipiki. Alikuja na picha, ameifunga kwa kitambaa.

"Mama Emérita, leo siko na panne ya pikipiki. Niko na shida ya babu yangu."

Ilikuwa picha ya kale, rangi ya chai. Ndege yenye mabawa ya juu na ya chini ilisimama ufukweni, chini yake maboya mawili marefu kama mitumbwi. Mbele yake walijipanga wapagazi sita. Wa tatu, alisema Ladislas, ndiye babu yake Nzabonimpa, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita kuu ya kwanza ya Wazungu. Aliporudi alisimulia kwamba amebeba ndege begani, kipande kwa kipande, mpaka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kwamba ndege ile ilitua juu ya maji. Watu walimcheka mpaka akaingia kaburini.

Sasa mwalimu Raphaël wa Goma, mkusanyaji wa picha za zamani, alikuwa ametoa hukumu. Jeshi la majini la Waingereza lilikuwa na aina mbili za ndege za kampuni ya Short zilizofanana kama mapacha, 827 na 830. Tofauti yao ilikuwa injini. Ya kwanza ilikuwa na Sunbeam, silinda nane katika safu mbili. Ya pili Salmson, silinda zimezunguka kama petali za ua. Zilizoletwa Tanganyika ni 827 tu.

"Prof anasema hapa kwa pua kuko duara," Ladislas alisema kwa unyonge. "Eti ni ile 830, foto ilipigwa kule ng'ambo. Basi huyu haiko babu yangu."

Emérita akaikodolea macho. Duara la kahawia lilikuwepo kweli, ila lilivuka ukingo wa injini likapanda juu ya bawa.

"Moteri gani inapanda mpaka kwa bawa?" akanong'ona.

Akatoka nje, akaiinamisha picha jua liipige kwa ubavu. Duara likang'aa peke yake, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka.

"Papa, nani aliweka kikombe juu ya hii foto?"

Mzee akashika kichwa. "Mama yangu! Aliogopa upepo utaibeba!"

Chini ya doa, kifuniko cha injini kilikuwa kimeondolewa. Emérita akahesabu kwa ncha ya bisibisi bila kugusa: moja, mbili, tatu, nne, kwa mstari kama ng'ombe kwenye birika. Nyuma yake vilichungulia vichwa vya safu nyingine, vimeegemea upande wa pili.

"Kama ingekuwa ya duara, silinda zingetazama kila upande. Hizi zinatazama pande mbili tu. Papa, hii njo Sunbeam!"

Akaipiga picha ile kwa simu, juani vilevile, akaituma Goma. Haikupita saa moja, Raphaël akapiga.

"Mama, nilikosea. Nani alikufundisha mambo ya ndege?"

"Hakuna muntu. Nimefungua moteri mingi, prof."

Raphaël akacheka. "Niko na foto mingi za vita ile. Wazungu wote beko na majina. Wapagazi, hata mumoja. Huyu wa tatu anaitwa nani?"

Emérita akampa mzee simu. Ladislas akavua kofia, akalitamka jina herufi kwa herufi, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya kilima, na wateja waliokuwa wakingoja pikipiki zao wakapiga makofi.

Jumapili baada ya ibada mzee alikusanya ukoo wake wote, akaagiza Emérita aitwe, maziwa yakamiminwa. Akaanza kuisimulia safari ya babu tangu mwanzo. Alipofika siku ndege iliponguruma mara ya kwanza, na wapagazi wote sita wakajitupa majanini, Nzabonimpa akiwa chini kabisa, Emérita alicheka mpaka machozi, akamwomba arudie hapohapo.