Sufuria Isiyo na Chumvi

...na aje, mwache ajilete mwenyewe na bakuli lake, anawaza Muhigirwa, upawa mkononi, sufuria ya wagonjwa wa presha ikifuka mbele yake, mahindi na maharage bila chembe ya chumvi kama muuguzi wa gereza alivyoagiza, bila chembe kwa wote, ila kwa huyu Harelimana ipo, imo katika ngumi ya kushoto, inalowa jasho, mpishi mfungwa ana silaha gani nyingine... huyu ndiye aliyeapa mbele ya hakimu kwamba aliwaona yeye na baba yake wakiswaga ng'ombe wa watu kule Nyakarenzo, wala hakuona kitu, mwongo wa kutupwa, halafu naye akanaswa na magendo ya vitenge kutoka Bukavu, akaletwa humu humu, na presha juu, Muhigirwa aliposikia alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akaanza siku ile ile, gao moja dogo la chumvi kiganjani, ndani ya bakuli lake, kila mlo, mpaka mshipa upasuke, nani atamshika... lakini mbona jitu linanenepa, mbona kipimo chake kinashuka, muuguzi anamsifu mbele za watu, chumvi yote ile inakwenda wapi... na baba naye ana presha, maskini, yuko bweni la wagonjwa pamoja na huyu mbwa, mpishi haruhusiwi kuvuka huko, hajamwona tangu mvua zianze, anamtumia tu bakuli lake kwa mikono ya wengine, safi kabisa, walau hilo... Harelimana anainama, anasema kitu, anasema nini huyu, midomo yake iko karibu na sikio.

“Papa Muhigirwa, leo unijazie. Mzee wako anakatalaka ile yake, anasema haina ladha. Tunabadilishanaka. Ile yangu ndiyo anapenda.”

...tunabadilishana, anasema tunabadilishana, tangu lini, kila mlo, gao moja kila mlo, baba anailamba na vidole...

“Asubui kinywa yake ilipinda,” anasema Harelimana, “na mukono hauinuke. Akikula muzuri atapata nguvu.”

...nani alimtuma awe na huruma, shetani huyu, angekula mwenyewe, angekufa mwenyewe, Muhigirwa anamchukia sasa kuliko siku ile mahakamani, apige kelele, aseme nini, aseme ilikuwa yako wewe, ngumi haifunguki, akiifungua foleni nzima itaona, na askari yule pale mlangoni, na baba huko amekaa, kinywa upande, anasubiri utamu wake...

“Mzee anangojea,” anasema Harelimana, na bakuli bado amelishika mbele yake.