Unga wa Safari ya Devota

Tulikuwa tumeshaipita mikorosho ya mwisho ya Mitole, begi la Devota kichwani mwangu, tuliposikia tunaitwa. Ni Antonia, dada yake, anakuja mbio.

"Rudini. Bibi kafunua chungu. Unga umeanguka."

Mwaka ule ndipo wafanyabiashara binafsi walipoanza kutuletea salfa, dawa ya unga ya mikorosho, kwa malori yao. Lori la mmoja wao, Huseni, lilikuwa barabarani linanguruma ndani ya ukungu, linamngoja Devota. Devota, mjukuu wa marehemu kaka yangu, alikuwa anakwenda Dar kwenye usaili. Akipita, angepelekwa ng'ambo kusomea hesabu za tanuri la nyuklia.

Kwetu msafiri humwagiwa unga wa mtama jioni, ukafunikwa chungu. Asubuhi kilima kikisimama, nenda. Kikiporomoka, umwagwe tena, ulale tena. Jana yake Devota alitaka aumwage mwenyewe, akaumimina wote kwa mkupuo kama mtu anayesonga ugali.

"Usaili ni kesho, babu," Devota akaniambia pale njiani.

"Nenda basi, mchumba. Mimi nimezunguka nchi nzima bila unga."

"Ndiyo maana hujafika popote," Antonia akasema.

Tukarudi. Watu walikuwa wanapulizia salfa, vumbi lake linaelea, njia nzima nyeupe. Devota akawa anazungumza kama aliye usingizini. Ndani ya tanuri, alisema, chembe moja hupasua kiini cha atomu, zikatoka chembe nyingine, nazo zikapasua. Karibu zote huzaliwa papo hapo. Zingekuwa zote hivyo, moto ungepanda kabla mkono wa mtu haujauwahi. Lakini chache mno, hata moja katika mia haifiki, hutoka kwa kuchelewa. Hizo ndizo zinazompa mtu nafasi ya kuuongoza.

"Vitabu vinazigawa hizo zinazochelewa mafungu sita. Mimi kwenye hesabu yangu nimeyafanya fungu moja, ili niione picha."

Mimi picha niliiona kwenye vumbi: chembe zinazaana, zinazaana, na nyuma kabisa chache zinakuja polepole, kama wazee wanaotoka msikitini.

Bibi yao, Bibi Biasha, alikuwa amekaa mbele ya unga ulioanguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Unamwaga unga wa safari kama unaita kuku?"

Devota akacheka. Honi ya Huseni ikalia. Akatazama upande wa barabara, kicheko kikamwisha.

"Babu, mwambie aende."

"Na usaili?"

"Huko ng'ambo nitakaa miaka. Nikiondoka hivi, bibi hatalala mpaka nirudi."

Jioni akachota unga, akauachia upite katikati ya vidole, chembe chembe. Kilima kikaota taratibu, chenyewe, kama kitu kinachokumbuka umbo lake. Bibi alinong'ona bismillahi. Asubuhi kilikuwa kimesimama.

Lori la Huseni, lililotangulia, lilifika Dar salama, bila hata pancha. Devota aliondoka asubuhi hiyo, akafika akakuta usaili umekwisha. Nafasi alipewa mwingine, na nyingine haikutokea. Anafundisha hisabati Lindi, anakaa Mtanda. Antonia aliolewa Kilwa Masoko. Bibi Biasha alifariki mwaka uliofuata. Mimi bado natembea. Unga simwagiwi, hayupo wa kunimwagia. Huseni aliuza lori, akafungua duka la mitumba.