Bi Mwanakheir na Somo la Kukataa

Mwalimu Mkuu alipotutangazia kwamba kuanzia muhula ule stadi za maisha hazitakuwa na kipindi chake, ila kila mwalimu azitie ndani ya somo lake, mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza zitaingia wapi. Hisabati yangu tayari imejaa mpaka mlangoni. Sikuuliza kwa upole, maana upole sikuumbiwa. Mwalimu Mkuu akanitazama, akavua kofia yake, akatia ndani vikaratasi alivyovikunja na kusema kila mtu aokote kimoja. Atakachokipata ndicho atakachokifundisha.

Mwalimu wa Sayansi akapata usafi wa mwili, akashukuru. Mwalimu wa Dini akapata kusema kweli, naye akashukuru. Mimi nikakifungua changu, kimeandikwa: "Kudhibiti hasira." Walicheka mpaka Mwalimu Mkuu akatoa leso kufuta macho. Nikageuka pembeni, nikamwona Bi Mwanakheir, aliyekaa ubavuni kwangu, amekifungua chake na anakikunja tena upesi. Nikamnyang'anya, nikakisoma kwa sauti: "Kukataa kwa adabu." Hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Ilikuwa ni haki yao kucheka. Bi Mwanakheir anafundisha Kiswahili Darasa la Tatu, chumba kinachofuata changu, na kati yetu pana ukuta wa ubao mwembamba tu, kwa hiyo masomo yake nayasikia yote kama yangu. Skuli yetu ni nyumba ya zamani huku Kiponda, mjini Unguja, kuta nene nje, mbao nyepesi ndani. Katika miaka yote niliyokaa naye sikupata kumsikia akimkatalia mtu. Asimamie mtihani Jumamosi? Anasimamia. Atayarishe maulidi ya skuli? Anatayarisha. Masika moja mwenzetu aliuazima mwavuli wake asiurudishe mpaka jua lilipotoka, na Bi Mwanakheir siku zote zile akaja skuli amejitanda kanga juu ya baibui, amerowa, anacheka. Akiombwa jambo, huweka mkono wa kulia kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Inshallah." Anasema bibi yake aliyemlea Makunduchi ndiye aliyemfunza hivyo. Mimi bibi yangu alinifunza nikiitwa niitike naam kisha niulize kwanza naitiwa nini, basi kila mtu na bibi yake.

Na nimwambie ukweli msomaji, nampenda sana Bi Mwanakheir, na kwa sababu nampenda alikuwa akiniudhi kupita kiasi.

Wiki nzima alihangaika na kile kikaratasi. "Shoga yangu, ntawafundisha vipi kitu nisichokiweza?"

"Mie nnafundisha watu watulize hasira," nikamwambia. "Kuna aliyeniuliza kama nnaweza?"

Kisha somo lenyewe likamwokoa. Silabasi ilimfikisha kwenye ukanushi, na Bi Mwanakheir akaona mlango. Akasimama mbele ya darasa, mkono kifuani kwa mazoea yake, akasema: "Nataka." Akawafunza kwamba wakimwona ameweka mkono pale na kutaja neno, wao walikanushe kwa pamoja.

"Nataka."

"Sitaki!"

"Ninakwenda."

"Siendi!"

"Nimekubali."

"Sijakubali!"

Ubao wetu ulitetemeka. Baada ya siku mbili akawaongezea adabu: kabla ya kukataa, tanguliza samahani. Kisha akaanza kuwaigizia mambo. Mtu usiyemjua anakuita garini akupe peremende. Mwenzako anataka umpe majibu ya jaribio. Wakubwa pale Forodhani wanakwambia ruka baharini, na wewe hujui kuogelea. Watoto wakakataa hayo yote kwa furaha kubwa, na adabu mbele. Kwangu, nilitia hasira ndani ya hesabu za kutoa: ukighadhibika, anza kumi, toa moja, toa moja, mpaka ziishe. Darasa langu lilijua kutoa upesi sana, kwa sababu kila nikipandisha sauti wao wananihesabia: "Kumi! Tisa! Nane!" Nilijuta kuwafundisha.

Katika darasa la Bi Mwanakheir kulikuwa na mtoto mmoja tu ambaye somo halikumwingia. Sumaiya, mdogo wa umbo, macho makubwa, mtoto wa kutumwa na kila mtu. Wenzake humbebesha mikoba. Walimu humpa mabakuli wakati wa mapumziko akawanunulie urojo kwa Bi Riyama pale pembeni, nami nikiwemo, tena changu kitiwe pilipili nyingi. Mpaka amalize safari zake kengele imeshalia, na wenzake wanarudi kutoka uani wanahema kwa mchezo wa nage ambao yeye hajaugusa. Bi Mwanakheir alimsimamisha peke yake, akaweka mkono kifuani, akamwambia: "Nataka." Sumaiya akatazama chini, akajibu:

"Inshallah."

Darasa likaangua kicheko. Bi Mwanakheir hakucheka. Alikuja kwangu baada ya kipindi, akakaa juu ya dawati la watoto, akasema, "Yule ni mimi, Ulfat. Yule ni mimi nna miaka minane."

Nikamkanda bega.

Habari za somo lile zikasambaa, na siku moja akaja Bwana Msabah kutoka ofisi ya elimu, mtu mzima mstaarabu, miwani puani. Akakaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akasikiliza kipindi kizima. Kilipokwisha, akamwambia Bi Mwanakheir kwamba mwalimu kama yeye hafai kufungiwa ndani ya chumba kimoja. Wanamtaka ofisini, aache darasa, azunguke skuli zote za Unguja kutoka Kendwa mpaka Kizimkazi, awafundishe walimu wengine. Cheo kipya, meza yake mwenyewe.

"Utakuja, mwalimu?"

Nikatega sikio kwenye ubao. Kisha: "Inshallah."

Nilimkamata ngazini. "Umekubali?"

"Nimekataa."

"Umekataa saa ngapi? Nimekusikia kwa masikio yangu haya mawili!"

"Si nimesema inshallah?" akanishangaa. "Mtu mzima anaelewa."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana kwetu neno hili tumelipa kazi mbili. Mtoto akiomba baiskeli akaambiwa inshallah, anajua asahau. Mgeni akialikwa harusi akasema inshallah, pika, anakuja na watu wake. Neno lenyewe halina kosa lolote, ni la kumwachia Mungu. Kosa ni letu sisi tunaojificha nyuma yake. Bi Mwanakheir alisema ile ya baiskeli, na Bwana Msabah akasikia ile ya harusi.

Wiki iliyofuata tukaletewa habari kwamba Alkhamisi gari itakuja kumchukua yeye na vitu vyake. Nilimkuta chumba cha walimu ameshika boksi la chaki, analia bila sauti. Bi Mwanakheir hakujaaliwa mtoto, na mumewe ametangulia mbele ya haki. Watoto wa Darasa la Tatu ndio anaowajua nani kang'oka jino, nani hakunywa chai asubuhi, nani baba yake yuko safari. Meza ya ofisini haing'oki jino. Nilipandwa na hasira, nikasema nakwenda mwenyewe kumwambia Bwana Msabah.

Akanishika mkono wa baibui. "Usinisemee. Nkisemewa na hili, lipi tena ntasema mwenyewe?"

"Basi sema!"

"Ntasema, inshallah," akajibu, na tukatazamana, na hakuna aliyecheka.

Alkhamisi niliwaachia watoto wangu hesabu za kutoa, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Bwana Msabah alikuwa mbele ya darasa, amefurahi kwelikweli, na ndilo lililozidi kuniuma, kwa sababu hakuwa na ubaya wowote. Akawaambia watoto kwamba mwalimu wao amekubali kazi kubwa na wamwombee dua. Watoto wakakodoa macho. Hawakuwa wameambiwa. Kisha akamgeukia Bi Mwanakheir.

"Haya, mwalimu. Utakwenda nasi leo?"

Nikauona mkono wake unapanda, ule mkono wa kulia, taratibu, mpaka ukatua kifuani. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kumi. Tisa. Nane.

"Nitakwenda," akasema Bi Mwanakheir, "in—"

"SITAKWENDA!"

Darasa zima, kwa pamoja, kama walivyofunzwa. Mwalimu ameweka mkono pale, ametaja neno, nao wamelikanusha. Bwana Msabah aliruka hatua nzima. Watoto wenyewe wakabaki wamejiziba midomo, hawajui kama wamepatia au wamekosa adabu. Na nyuma kabisa kasimama mtoto mmoja mdogo, sauti inamtetemeka.

"Samahani," alisema Sumaiya. "Sitakwenda."

Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kutanguliza samahani. Alisema jibu zima, kwa ufasaha, mara ya kwanza tangu somo lianze, akakaa.

Bi Mwanakheir alimtazama, mkono bado uko kifuani. Kisha akauteremsha mkono, akamgeukia mgeni wake.

"Bwana Msabah, samahani," alisema. "Sitakwenda."

"Lakini mwalimu," Bwana Msabah akababaika, "si ulisema inshallah?"

Mimi nilikuwa nimefika tatu tu, na sikuweza kungoja mbili na moja. "Bwana Msabah, shikamoo," nikamwambia kutoka mlangoni. "Wanao wakikuomba baiskeli, huwajibu nini?"

Alitaka kunijibu, akasita. Akavua miwani. Mabega yakaanza kumcheza, na mara akacheka mpaka akashika ukingo wa dawati. "Inshallah," akasema. "Walahi, huwaambia inshallah." Alipotulia, akauliza kwa heshima kama basi walimu wa skuli nyengine wanaweza kuja kukaa nyuma ya darasa lake wajifunze. Mkono wa Bi Mwanakheir ukaanza kupanda, watoto wakavuta pumzi, naye akaushusha upesi.

"Hilo ndiyo," alisema, machozi yanamtoka. "Hilo nnalitaka mwenyewe."

Gari ikaondoka bila ya boksi la chaki. Mimi nilirudi darasani kwangu, nikasahihisha hesabu za watu bila kugombana na yeyote, na watoto wakaniuliza kama naumwa.

Kengele ya mapumziko ilipolia, nilitoka na bakuli langu, njaa imenishika. Sumaiya akapita mbele yangu anakimbia.

"Sumaiya mwanangu, hebu kaninunulie urojo kwa Bi Riyama."

Akasimama. Akauangalia ua, wenzake wanagawana pande. Akaliangalia bakuli. Kisha akaweka mkono wake mdogo kifuani.

"Samahani, mwalimu. Siendi. Nnacheza nage."

Kumi, nikaanza. Tisa. Nane. Naye kanisubiri, miguu haikurudi nyuma. Nilipofika sita hasira ilikuwa haipo tena.

"Haya, kacheze," nikamwambia, na alishafika uani kabla sijamaliza.

Nikashuka ngazi mwenyewe. Sikuwa nimefika mlango wa nje nikasikia naitwa kutoka dirisha la juu.

"Ulfat! Shoga, na mie niletee! Chukua na bakuli langu!"

Mimi, nisiyetumwa na mtu. Nikageuka, nikatazama juu, nikamwona Bi Mwanakheir anacheka na machozi yake hayajakauka.

"Naam," nikaitika, nikarudi ngazini kulifuata bakuli.